Mtoto wa miaka minne hatulii hata dakika, naombeni ushauri

Asiyelala: Wakuu, habari za humu. Mwanangu ana miaka minne, hatulii. Jana nimemkalisha ale, kijiko cha pili keshapanda mezani. Ukimkataza anajitupa chini mpaka pumzi inamwishia. Alizaliwa na kilo 2.1. Inaweza kuwa nini? Naomba msinitukane.

Mzee wa Kiti: Wa miaka minne akitulia ndipo umkimbize hospitali. Wangu alimeza ufunguo wa kabati, tukakaa siku mbili tunausubiri.

Mkunga Mstaafu: Mama, umeomba usitukanwe kabla hujataja kosa. Ukiwa na mimba yake ulitumia nini?

Asiyelala: Kokeini. Lakini wikendi tu, na mimba ilipofika miezi sita nikaacha. Na sigara. Daktari sijamwambia wala sitamwambia, nitanyang'anywa mtoto.

Mja Mwema: Mimba ni amana dada. Wenzio tunakesha tukiomba hata mmoja.

Mkunga Mstaafu: Pole Mja Mwema, ila hapo hujamsaidia. Dada, kokeini hubana mishipa, damu ikapungua kwenye kondo. Mtoto huzaliwa njiti au mdogo, na kondo laweza kubanduka kabla ya wakati. Sigara nayo hupunguza uzito. Lakini usimzike mwanao mzima. Miaka ya 1980 magazeti ya Marekani yalipiga mbiu kwamba kizazi kizima kimeharibika. Daktari Hallam Hurt akawafuatilia watoto wa Philadelphia ambao mama zao walitumia kokeini wakiwa wajawazito, kuanzia 1989 mpaka wakawa watu wazima, akakuta umaskini umewaumiza kuliko kokeini. Umakini na tabia vinaweza kuyumba, ndiyo maana daktari anatakiwa ajue.

Chungulia: Hii chai wakuu. Huyuhuyu mwezi jana kaandika "sisi mabachela". Mtoto katoka wapi?

Mzee wa Kiti: 😂😂 Bachela kajifungua!

Asiyelala: Akaunti ya kaka yangu, nimeazima simu. Mnaona sasa kwa nini sisemi na watu?

Chungulia: Chai na vitafunio.

Mkunga Mstaafu: Iwe chai isiwe chai. Mtoto ana miaka minne, kwa nini hofu imekushika leo? Una mimba nyingine?

Asiyelala: Wiki ya 11.

Mkunga Mstaafu: Na kokeini?

Asiyelala: Wikendi tu.

Mkunga Mstaafu: Ukiacha leo bado inamfaa, mimba ni changa. Kliniki lini?

Asiyelala: Alhamisi. Kaka anataka simu yake.