Mama anajipunguzia insulini kwa sababu njia imekatika, nifanyeje?

BintiMikumbi, 7 Mei 2024
Habari zenu wakuu. Niko Lindi mjini. Mama ana miaka 61, ana kisukari, anachoma insulini ya mchanganyiko, asubuhi uniti 20, jioni 12. Kaka humtumia kutoka Dar kwa basi. Tangu kimbunga Hidaya Jumamosi, barabara imekatika Somanga, mabasi hayapiti, na friji imezima tangu jana. Leo asubuhi nimemkuta kavuta sindano hadi 10 tu. Ananiambia, "Mwanangu, nabana mpaka njia ifunguke." Usiku kaamka mara tano kwenda haja ndogo na kiu haimwishi. Duka la dawa nililokwenda wanasema imeisha. Naombeni ushauri, nimechanganyikiwa.

NesiKusini
Pole sana dada. Kiu na kukojoa hivyo ni sukari kupanda. Mpeleke hospitali ya Sokoine leo, usisubiri barabara. Beba chupa yenyewe na kadi ya kliniki. Wakikosa aina yake, daktari atampangia nyingine. Usiazime ya jirani ukamkadiria mwenyewe. Akitapika, akihema kwa nguvu au akisinziasinzia, hiyo ni dharura hata kama ni saa nane usiku.

MzeeNgapa
Mwanangu, mimi najichoma tangu 2009. Friji isikutishe. Chupa iliyofunguliwa hukaa nje wiki nne hivi, mradi joto lisizidi nyuzi 30 na jua lisiifikie. Chukua chungu kikubwa, weka chungu kingine kidogo ndani yake, katikati ya vyungu hivyo jaza mchanga uliolowa. Chupa iingie kwenye mfuko mkavu ndani ya chungu kidogo, funika na kitambaa kibichi, weka penye upepo. Usiilaze kwenye barafu ya samaki! Ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka. Kabla ya kuvuta, iviringishe viganjani taratibu, iwe nyeupe sawasawa kama maziwa. Ukiona mabonge, au chembe zimeng'ang'ania kwenye kioo, itupe.

MamaTandahimba
Na asichome halafu akalala njaa, maana siku hizi tunashindia ming'oko (viazi vya porini) na chai. Akitetemeka na kutoka jasho, sukari imeshuka, mpe vijiko vya chai vitatu vya sukari kwenye maji, mpime tena baada ya dakika 15. Na asitembee peku kwenye haya maji. Mama yangu mdogo alikanyaga msumari, mguu ulishakufa ganzi kwa kisukari, tukagundua siku ya tatu kwa harufu.

BintiMikumbi
Shikamoo mzee, asanteni wote. Tumerudi sasa hivi. Sukari imesoma 19.6. Wametundika dripu, wamempa chupa moja na kesho anarudi kupimwa. Chungu cha maji ya kunywa ndicho kimekuwa friji. Kilichoniumiza ni kwamba mbele ya daktari ndipo amesema alianza kupunguza tangu Jumapili, na mimi nilikuwa nalala chumba kilekile.