Naomba ushauri: Stuttgart au Dresden kwa masomo ya uhandisi?

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Mimi ni mkazi wa Ngamiani, Tanga, na binti yangu, aliyehitimu shahada ya kwanza ya uhandisi mitambo, anakusudia kusoma shahada ya uzamili nchini Ujerumani, ila tumekwama katika kuchagua mji. Yeye anaitaka Stuttgart kwa sababu viwanda vya Mercedes-Benz na Porsche viko hukohuko. Mimi naelekea Dresden, kwani tangu 2017 jimbo la Baden-Württemberg, ambamo Stuttgart imo, huwatoza wanafunzi wengi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kila muhula, na kodi ya chumba nayo, nasikia, ni ya juu mno. Akaunti maalumu ya kuthibitisha uwezo wa kujikimu haikwepeki popote aendako, na kwa ajili yake mjomba wake wa Muheza ameshauza shamba la michungwa (jambo linaloninyima usingizi). Naomba waliosoma huko watueleze: je, kuwa karibu na viwanda humsaidia kweli mgeni asiyekimudu vema Kijerumani kupata kazi ya muda, au ni afadhali aanzie penye gharama nafuu?