Nimeambiwa NIWASHE TAA ndio nisaidiwe kuwasha taa!!!

Baba_Blessing
Wadau, zangu mbaya. Sitataja jina, mnawajua, ni wale wale wa solar ya lipa mdogo mdogo wanaokuja na pikipiki wakiwa wapole kama mashemasi siku ya kukuuzia. Leo wamenivua nguo mbele ya mama mkwe.

Mama mkwe ndio mara yake ya kwanza kukanyaga boma yangu hapa Nyakach, amekuja na dada zake wawili pamoja na shemeji yangu yule mwenye mdomo. Saa moja na nusu usiku, samaki wa ngege ameiva, ugali umegeuzwa, watu wamenawa, kumbe siku nilizolipia zimeisha, kisanduku kikalia piii, giza. Giza la Misri. Nikalipa hapo hapo, pesa ikatoka, meseji ikaingia, taa hakuna. Dakika kumi. Ishirini. Mama mkwe anakula ngege kwa kupapasa, hakuna anayeongea, kila mtu anaogopa mwiba.

Nikapiga kastama kea. Wimbo, wimbo, wimbo, halafu binti mwenye sauti tamu: "Pole sana mteja wetu mpendwa, naomba uwashe taa unisomee namba iliyo nyuma ya kisanduku."

WASHA TAA.

Mimi nimepiga kwa sababu taa haiwaki!! Ni kama unakufa njaa unaambiwa shiba kwanza ndio upakuliwe. Na simu ilikuwa kwa spika, walisikia wote. Shemeji akacheka huko gizani sijui kona gani, akasema, "Omera, kumbe hata jua unachukua kwa mkopo?"

Na kinachoniuma zaidi stesheni ya umeme wa maji ya Sondu Miriu iko papa hapa kwetu, megawati 60, maji yanapita yakienda kuwashia watu wa mbali, sisi nguzo ya mwisho iliishia kwa jirani imesimama pale kama askari wa mtu mwingine. Koroboi ya nyanya yangu ilitoa moshi mpaka kamasi ikawa nyeusi lakini haikuwahi kuniuliza namba.

Washa taa. Nimelala chali saa hii bado nasikia ile sauti. Washa taa aki!

Jicho_la_Kondele
😂😂 Nimecheka mpaka mtu wa boda amesimamisha pikipiki akaniuliza kama niko sawa. Huyo shemeji apewe mbuzi.

Mulika_Mwizi
Na tochi ya simu je?

Baba_Blessing
Simu ilikuwa na chaji 4% na ndio nilikuwa naongea nayo, wewe ulitaka nimulike na sikio?

Fundi_wa_Paa
Boss, swali la kiufundi. Paneli umeiweka wapi?

Baba_Blessing
Haihusiani. Iko juu ya jikoni, karibu na mwembe.

Fundi_wa_Paa
KARIBU NA MWEMBE. Ndugu yangu, seli za paneli zimeungwa kama shanga, kivuli kikikaa kwa moja zingine zote zinalegea. Hata ungelipa mwaka mzima mwembe utakuzimia. Na kama betri ni ile ya asidi usiinyonye ikapita nusu, inakufa mapema.

Baba_Blessing
Mtu ameniambia niwashe taa wewe unaniletea shanga??

Nax_Finest
Nyinyi mna bahati. Huku kaunti ya Nakuru umeme wa mvuke wa chini ya ardhi wa Olkaria unawasha Kenya tangu 1981, na mimi nimekula mshumaa siku tatu mfululizo kwa sababu transfoma ya mtaa imelipuka na kila tukipiga simu tunaambiwa watu wako njiani. Njia gani hiyo, wanatembea na magoti?

Mama_Gesi
Afadhali yenu. Mimi nilijengewa biogesi huku Nyamira, nikaambiwa ndoo ya kinyesi kwa ndoo ya maji kila siku, ng'ombe wawili watanitosha. Mzee akauza mmoja alipe fizi. Sasa huo moto unachemsha chai ya mtu mmoja tu, na huyo mtu ni yeye.

Fundi_wa_Paa
Mama ongeza nguruwe, kinyesi chake kina gesi poa sana.

Mama_Gesi
Sisi ni Wasabato.

Jicho_la_Kondele
Si mnafuga tu hamuli? Gesi haina dini 😂

Mama_Gesi
Wewe kijana mama yako anajua unaandika haya?

Baba_Blessing
Jamani turudi kwa "washa taa".

Nax_Finest
Kwani namba ulisoma hatimaye?

Baba_Blessing
Nimeisoma asubuhi. Wakaniambia yule binti wa jana ametoka shifti, nieleze upya. Mama mkwe ameshaenda, ameniachia tochi.

Mulika_Mwizi
Huo mwembe ni ngowe ama apple?

Baba_Blessing
Ngowe.

Mulika_Mwizi
Gunia unatoa ngapi? Niko Ahero.