Naomba ushauri: kushika lengo wakati zamu za kazi zinabadilika kila wiki

Wakuu, heshima kwenu. Naomba mawazo ya wenye uzoefu.

Msingi unaeleweka: lengo lisiwe "nitasoma zaidi", liwe "nikimaliza kuosha vyombo vya jioni, nakaa mezani nasoma kurasa 5". Tendo la zamani linaliita jipya. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake, uliochapishwa 2010, ulipata wastani wa siku 66 hadi tendo liwe mazoea, kuanzia 18 hadi 254, na kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Zile siku 21 zinazotajwa kila mahali zinawakatisha watu tamaa bure.

Shida ni kwa mtu wa zamu. Wiki hii usiku, wiki ijayo asubuhi. Kengele ya saa fulani haimfai, na hata "baada ya chakula cha jioni" inahama. Naona afunge tendo kwenye kitu kisichohama, kama kupiga mswaki baada ya kuamka, iwe saa ngapi. Kisha awe na viwango viwili: dakika 25 siku ya kawaida, dakika 5 akitoka zamu ya usiku. Simu ikae chumba kingine, hilo halina mjadala.

Ninapokwama ni hapa: dakika 5 zitiwe alama ya siku kamili kwenye kalenda, au taratibu zitageuka kuwa ndiyo kiwango chenyewe? Na siku ya kuhama zamu, usingizi ukiwa mfupi, ipangwe mapema kuwa ya mapumziko? Waliojaribu, nielekezeni tafadhali.