Kodi ya jengo kwenye LUKU: hadi lini mpangaji atalipia nyumba isiyo yake?

Ndugu zangu, tarehe 1 ya mwezi huu umeme ulizima katika nyumba tunayopanga, saa mbili kasorobo usiku, na haukuwa mgao wala hitilafu ya laini. Uniti zilikuwa zimeisha. Nyumba yetu ina vyumba vinane vinavyokaliwa na familia tano, choo kimoja, bomba moja na mita moja ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla ya kutumia, iliyofungwa ukutani karibu na mlango wa uani, na kila mmoja wetu alijua kwamba atakayenunua umeme wa kwanza wa mwezi ndiye atakayekatwa Sh 1,500 za kodi ya jengo. Tukakaa gizani. Watu wazima wenye simu mkononi, na akiba kidogo ndani ya simu hizo, tulikaa barazani karibu saa nzima kila mmoja akimsubiri mwenzake, hadi mtoto wa chumba cha mwisho, anayesoma darasa la saba, alipotoka na daftari lake akaenda kuketi chini ya taa ya duka la jirani. Hapo mke wangu akanipokonya simu, akanunua yeye.

Sikulala vizuri usiku ule kwa aibu, na kadiri ninavyofikiri ndivyo ninavyozidi kuona kwamba aibu ile tulibebeshwa na watu ambao hawajawahi kukaa nyumba ya kupanga yenye mita moja. Zamani kodi ya majengo ilikuwa inamfuata mwenye jengo. Kabla ya mabadiliko haya nyumba ya kawaida mjini ilikuwa inalipiwa Sh 10,000 kwa mwaka, na mwenye nyumba ndiye aliyepaswa kwenda kulipa. Mwaka 2021 Sheria ya Fedha ikabadilisha utaratibu, na kuanzia tarehe 20 Agosti mwaka huo kodi ikaingizwa ndani ya ununuzi wa umeme, Sh 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na Sh 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Mwaka 2023 viwango hivyo vikapandishwa hadi Sh 1,500 na Sh 7,500. Jengo, ambalo halihami na ambalo mmiliki wake anajulikana hadi kwa mjumbe wa shina, likaachwa, na mkono wa kodi ukahamia kwa yeyote anayehitaji mwanga.

Mwenye nyumba wetu hakai hapa. Ana nyumba tatu ninazozifahamu, na tangu utaratibu huu uanze hajatoa hata senti moja ya kodi ya jengo kwa nyumba hii, kwa sababu sisi ndio tunaomlipia. Nilimfuata kwa adabu, nikamweleza kwamba Serikali ilishasema mpangaji na mwenye nyumba wakubaliane ili fedha hiyo ipunguzwe kwenye kodi ya pango. Akanijibu kwamba anayetumia umeme ndiye anayelipa, na kwamba vyumba vina watu wengi wanaovitafuta. Nikaenda ofisi moja inayohusika na mapato, nikakaa foleni tangu saa tatu asubuhi, na mtumishi niliyemkuta akaniambia kwamba hayo ni makubaliano ya watu wawili na ofisi haiyaingilii. Sasa nauliza, makubaliano gani yanawezekana kati ya mtu anayepokea pango la miezi sita kwa mkupuo na mtu anayeogopa kutolewa vyombo nje? Sheria inayomwachia mnyonge akapatane na mwenye nguvu imemuuza mnyonge.

Chumba cha pili kutoka kwetu anakaa mama mtu mzima wa miaka 67, mjane, anayeuza mbogamboga. Sheria yetu inamsamehe kodi ya jengo mzee aliyevuka miaka 60 kwa nyumba yake anayoishi mwenyewe, na hilo ni jambo jema ambalo ninaliunga mkono kwa moyo wote. Lakini mama huyu hana nyumba. Angekuwa nayo, angesamehewa. Kwa kuwa hana, zamu yake inapofika analipa kodi ya jengo la mtu mwingine, na hakuna fomu ya msamaha anayoweza kuijaza, maana msamaha ni wa wamiliki. Ninaomba yeyote aliyeshiriki kuutunga utaratibu huu anieleze, bila maneno mengi, ni haki ya aina gani inayomsamehe bibi mwenye nyumba na kumtoza bibi asiye na nyumba.

Ujumbe wa simu uliorudi usiku ule bado ninao. Tulinunua umeme wa Sh 10,000. Uniti moja ni Sh 292, na ukiweka VAT ya asilimia 18, makato ya REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, inafika kama Sh 356, kwa hiyo elfu kumi yote ingetupatia uniti 28. Tulipata 23 na ushei. Zile Sh 1,500 zilisomeka kama deni lililokusanywa, na neno hilo ndilo lililonichoma kuliko fedha yenyewe. Mimi sidaiwi na mtu yeyote kwa ajili ya jengo lile. Pango nimelipa hadi mwezi wa nane, taka nimelipa, ulinzi shirikishi nimelipa, na bado mashine inanitambulisha kama mdaiwa wa kitu ambacho sitakirithisha kwa mwanangu yeyote.

Kuna jambo jingine ndani ya mita hiyo hiyo ambalo halizungumzwi vya kutosha. Ipo bei nafuu ya Sh 100 kwa uniti kwa mteja wa nyumbani ambaye matumizi yake hayazidi uniti 75 kwa mwezi, na ilikusudiwa watu wenye kipato cha chini. Familia yangu ina taa tatu, televisheni moja, feni moja na pasi tunayoitumia Jumamosi kunyoosha sare za shule. Kwa makadirio yangu hatuvuki uniti 30 kwa mwezi. Jirani zetu ni hivyo hivyo. Lakini tukiunganishwa familia tano kwenye mita moja tunavuka uniti 130, na kwa hesabu ya mita sisi ni mteja mmoja mwenye matumizi makubwa, tunatozwa Sh 292. Mtu mwenye nyumba yake na mita yake, akijibana, analipa Sh 100. Yaani masikini aliyerundikwa na masikini wenzake ananunua umeme karibu mara tatu ya bei iliyowekwa kwa ajili ya masikini, halafu juu ya hapo analipa kodi ya jengo. Mita haihesabu familia, na wanaopanga bei hawajaona sababu ya kuzihesabu.

Mimi ni mtunza stoo, na mshahara wangu baada ya makato ni Sh 380,000. Mke wangu anapika vitumbua na chai alfajiri, na siku nzuri anabaki na Sh 6,000 baada ya kutoa mchele, sukari, mafuta na mkaa. Kwenda kazini napanda daladala mbili na kurudi mbili. Kabla ya Mei 2022 nauli ya safari fupi hapa Dar es Salaam ilikuwa Sh 400, ikawa Sh 500, na Desemba 2023 ikawa Sh 600, kwa hiyo nauli yangu ya siku 26 za kazi imetoka Sh 41,600 hadi Sh 62,400 wakati kazi ni ile ile na barabara ni ile ile. Tofauti ya Sh 20,800 haikutoka kwenye mshahara kwa kuwa mshahara haukuongezeka. Ilitoka kwenye sufuria. Nyama imekuwa ya mwisho wa mwezi, mafuta ya kula tunapimiwa dukani kwa kipimo kidogo badala ya kununua chupa, na mtungi mdogo wa gesi tulioununua kwa furaha uko chini ya kitanda mwezi wa tatu sasa, tumerudi kwenye mkaa wa kopo.

Nawaomba msinielewe vibaya. Sipingi kodi. Wanangu wawili wanasoma bila ada, mdogo wetu alijifungulia kituo cha afya ambacho miaka kumi iliyopita hakikuwepo, na ninajua kwamba hayo hayakujengwa kwa maneno. Ninachopinga ni tabia ya kuifuata fedha mahali ilipo rahisi kuichukua, bila kujali ni ya nani. Mwezi Julai 2021 zilianza tozo za miamala ya simu, kuanzia Sh 10 hadi Sh 10,000 kwa muamala. Wananchi tulipiga kelele, Septemba zikapunguzwa kwa asilimia 30, mwaka uliofuata zikapelekwa hadi kwenye benki, tukapiga kelele tena, baadhi zikafutwa kuanzia Oktoba 2022, na bajeti ya 2023 ikaondoa tozo ya kutuma huku ya kutoa ikibaki. Bajeti hiyo hiyo ndiyo iliyoongeza Sh 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli, ikaweka Sh 1,000 kwa kila mfuko wa saruji wa kilo 50, na ikapandisha kodi ya jengo kwa nusu.

Hiyo ya saruji ninaitaja kwa uchungu wa pekee. Nina kiwanja Chanika, miguu ishirini kwa ishirini, ambacho tulikilipia kwa awamu kwa miaka minne, na msingi wake unaota nyasi. Nimepiga hesabu ya mifuko 60 ili tufikie kwenye lenta, na ndani ya mifuko hiyo kuna Sh 60,000 za tozo. Mpangaji anayelipia jengo la mwenzake kupitia umeme anapojaribu kujenga la kwake anakutana na tozo nyingine dukani kwa muuza saruji, na akifanikiwa kuhamia, LUKU inamsubiri kule. Ni lini basi mtu wa namna yangu atapumua?

Hili ni suala la siasa, na ninalisema nikijua ninachosema. Bunge lililopitisha mambo haya lilitokana na uchaguzi wa 2020, na karibu viti vyote vya majimbo vilikuwa vya chama kimoja. Sina ugomvi na mwanachama yeyote wa chama hicho; baba yangu alikuwa na kadi yake hadi anazikwa. Lakini Bunge ambamo karibu wote wanakaa upande mmoja linakosa mtu wa kusimama na kuuliza swali dogo kama hili: je, anayenunua umeme ndiye mwenye nyumba? Swali hilo angeweza kuliuliza mtoto wa darasa la saba. Katika mji kama Dar es Salaam, ambamo nyumba za wapangaji zimejaa kila mtaa, halikupaswa kuhitaji utafiti wala kamati.

Katika mkutano wa mtaa wetu nilisimama nikalieleza jambo hili. Mwenyekiti, ambaye ni mtu muungwana, akasema kwamba hilo ni la kitaifa. Diwani akasema ni la Bunge. Mbunge hakuwepo, ila alituma salamu na mipira miwili ya vijana. Kwa hiyo kero ya mwananchi inapanda ngazi hadi inapotea, wakati makato yanashuka ngazi hiyo hiyo hadi kwenye simu yake bila kukosea hata siku moja.

Wako watakaoniambia kwamba Sh 1,500 ni fedha ndogo. Kwa mwaka ni Sh 18,000, na kwa nyumba yetu tangu 2021 tumeshamlipia mwenye nyumba fedha ambayo ingetosha kuziba paa linalovuja juu ya chumba cha yule mama wa mbogamboga, paa ambalo mwenye nyumba amekataa kuligusa kwa misimu miwili ya mvua. Udogo wa kiasi haumpi mtu haki ya kukichukua kwa asiyehusika. Tena, tozo za miamala zilipolalamikiwa mwaka 2022, Serikali yenyewe ilisema pengo litafidiwa kwa kubana matumizi, yakiwemo ya chai, vitafunwa, safari na semina. Kumbe nafasi ya kubana ilikuwepo. Ilisubiri kelele, na kelele zile zilisikika kwa sababu tozo ile ilimgusa kila mwenye simu, wakiwemo wenye sauti. Hii ya kwetu inamgusa zaidi anayekaa barazani gizani akiogopa kuwa wa kwanza kununua.

Ninachotaka kinafahamika. Kodi ya jengo imfuate mmiliki kwa jina lake na namba yake ya mlipakodi, kama ilivyokuwa, na kama Serikali inaona LUKU ndiyo njia pekee inayofanya kazi, basi risiti ya makato hayo iwe na nguvu ya kisheria, ili mpangaji akiiwasilisha, kiasi hicho kitoke kwenye pango bila kuomba na bila kutishiwa kuondolewa. Na nyumba yenye familia nyingi kwenye mita moja ihesabiwe kwa idadi ya familia inapopangiwa bei ya uniti. Mambo hayo hayahitaji mkopo wa nje.

Wakati tunasubiri, ninawaomba ndugu zangu mnaopanga, hasa mliofanikiwa kumfanya mwenye nyumba akubali kukata fedha hii kwenye pango, mwandike hapa chini mlifanyaje: kama mliandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa, kama kipengele kiliwekwa kwenye mkataba, na maneno yake yalikuwaje. Mkataba wangu unaisha mwezi wa nane, na safari hii sitausaini kabla sijausoma mbele ya wapangaji wenzangu wote.