Miezi 9, anakohoa na kuhema haraka: ni mafua au nimonia?

MamaNjombe, saa 1:40 usiku
Wazazi wenzangu, naombeni msaada. Binti yangu ana miezi 9, leo siku ya tatu anakohoa. Jana alicheza vizuri. Leo tangu mchana ana joto, anahema kama aliyetoka kukimbia, akishika ziwa ananyonya kidogo anaachia. Baridi ya Juni huku Njombe mnaijua, kwa hiyo jioni tunaingiza jiko la mkaa chumbani. Mama mkwe anasema ni kimeo, kesho kuna mzee atakuja kukikata. Moyo wangu unakataa lakini sina la kumjibu. Nitajuaje kama ugonjwa umeingia kifuani?

NesiMstaafu, saa 1:52
Mwanangu, jiko litoke nje sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma. Moshi unaumiza mapafu ya mtoto, na hewa ya mkaa kwenye chumba kilichofungwa inaua hata watu wazima usingizini.

Kisha mpakate mpaka atulie, maana mtoto anayelia hahesabiki. Mfunue kifua na tumbo, shika simu yenye sekunde, uhesabu kila tumbo linapopanda, dakika nzima. Usihesabu nusu dakika ukazidisha. Watoto hawahemi kwa mpangilio. Kwa umri wake, pumzi 50 au zaidi ni nyingi mno. Aliyetimiza mwaka ni 40, mchanga wa chini ya miezi 2 ni 60. Tazama na chini ya mbavu: anapovuta pumzi, pakibonyea ndani, mpeleke usiku huuhuu. Na akishindwa kabisa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilala asiamshike, usihesabu chochote, kimbia.

Nimefanya kazi wodi ya watoto miaka 22. Nimepokea watoto waliokatwa kimeo, damu bado mdomoni, na nimonia iko palepale kwenye mapafu. Kimeo hakina kosa lolote. Mama mkwe usibishane naye. Mpe simu ahesabu mwenyewe.

BabaWawili, saa 1:58
Dada, beba kadi ya kliniki. Wetu alikosa chanjo ya nimonia ya wiki ya 14 kwa sababu tulikuwa tumehama. Nesi aliliona pengo kwenye kadi, mtoto alipopona akamalizia chanjo. Na tafadhali usimpe antibiotiki zilizobaki za mtoto mwingine.

MamaNjombe, saa 2:15
Shikamoo mama. Nimehesabu 58. Nikampa mama mkwe simu, naye akahesabu. Alipofika 56 dakika ikaisha, akanyamaza, kisha akachukua kanga akaanza kumfunga mtoto. Chini ya mbavu panabonyea. Baba yake ameshaleta bajaji.

NesiMstaafu, saa 2:17
Marahaba. Nendeni. Njiani mnyonyeshe kidogo kidogo kama anakubali, na usimfunike uso.

MamaNjombe, kesho yake saa 4 asubuhi
Ni nimonia. Walimwekea kipimo cha kidoleni, oksijeni ikaonekana inatosha, dozi ya kwanza akapewa palepale. Tumerudi na amoksilini za vidonge vya kuyeyusha kwenye maji, asubuhi na jioni kwa siku 5. Wamesema turudi baada ya siku 2 wamwangalie, au mara moja akizidiwa. Usiku alihema kwa shida, sikulala. Alfajiri alinyonya ziwa moja mpaka likaisha. Mzee wa kimeo alipofika, mama mkwe ndiye aliyemrudisha mlangoni.