Kakangu ni mgonjwa au ni ujeuri tu?

BintiMakadara:
Salaam alaikum wenzangu. Nauza leso karibu na Mtaa wa Biashara, duka la marehemu baba, na ufunguo wa droo ya pesa anao kakangu mkubwa. Juzi nilitunga jina la leso: "Nilikupa kiti, usinipe mgongo." Mzigo ukaisha kabla ya wiki. Wateja walipokuja kusifu, kaka kasimama mlangoni, mkono kiunoni: "Hilo limenijia mimi, usingizini." Nami nipo palepale namkatia mteja doti, mkasi mkononi! Nikifungua mdomo hununa. Siku tatu hata salamu hajibu, kisha ampigia mama kuwa nina husuda. Bei akikosea yeye, nimekosea mimi.

Sasa nashtuka saa tisa usiku, nimesaga meno hadi taya linauma. Watoto wa mtandaoni wasema huyo ni narsisisti, yaani mtu anayejiona yeye tu. Ndiye?

NesiChangamwe:
Pole dada. Nimefanya kazi wodi ya wagonjwa wa akili, na neno hilo siku hizi latupwa kama chumvi. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, toleo la 2013, una dalili tisa za ugonjwa huo. Zifike tano, ziwe zimeanza ujanani, na zionekane kila mahali, si dukani tu. Kwa wanunuzi wa jumla yukoje?

Mimi lanitia wasiwasi zaidi hilo taya. Msongo ukikaa mwilini usiku na mchana, usingizi huwa wa kwanza kukimbia. Usingoje kaka apone ndipo ulale. Pale hospitali ya Port Reitz kuna watu wa kuzungumza nao.

BintiMakadara:
Kwa wa jumla ni asali, wallahi.

NesiChangamwe:
Basi breki anazo: akitaka, hujizuia.

FundiWaMajengo:
Shoga, huyo wako ana nafuu. Shemeji yangu alighushi sahihi yangu, akauza cherehani mbili, nilipolia akacheka. Tangu mdogo alikuwa akiiba na kuwapiga wenzake. Hiyo ndiyo tabia wanayoiita kwa Kiingereza "antisocial", yaani kudhulumu wengine bila kujali, si kukaa chumbani peke yako kama watu wanavyodhani.

Nunua daftari la risiti lenye karatasi ya kaboni. Kila doti ikitoka, nakala kwake, nakala kwako. Akianza maneno, sema "sawa kaka", uendelee kukunga leso. Usimweleze hisia zako, utakuwa wamuuzia kuni.

MzeeLikoni:
Binti, kaka mkubwa ni badala ya baba. Mwite ami yenu, mkae kikao.

BintiMakadara:
Shikamoo mzee. Vikao vimekaa viwili. Cha kwanza alilia, mama akampikia biriani. Cha pili nikatakiwa mimi ndiye niombe radhi.

Daftari nanunua kesho. Jina la leso ijayo pia nishalipata, ila hili hata mama hatalisikia hadi mzigo ufike.